Upepo wa tairi za tela: shambani, kwenye korongo na barabarani

 

Leo tunaongelea kitu ambacho wengi tunamwachia dereva wa trekta au fundi pancha: upepo wa matairi ya tela. Najua mtu atasema, "Bwana shamba, wewe tuambie habari za mbegu na viwavi, tairi tuachie mafundi." Sawa, lakini ngoja nikuulize. Umewahi kuona shamba la mahindi mwezi wa pili, mistari miwili ya mimea ya njano na mifupi inakatiza katikati, na pembeni yake mahindi yamesimama vizuri? Mbegu ni ileile na mbolea ni ileile. Ile mistari ni njia ya tela la msimu uliopita. Ndiyo maana nasema upepo wa tairi ni somo la kilimo.

Sisi wa Nkuhungu na kata za jirani hili linatuhusu kuliko wengine. Wengi tunalala mjini, mashamba yako Bahi, Zanka, Hombolo, Mpunguzi na kwingineko. Kwa hiyo tela moja, kwa safari moja, linatoka kwenye udongo laini wa shamba, linavuka korongo la mchanga, halafu linapanda lami hadi mlangoni kwako. Hizo ni ardhi tatu tofauti, na upepo unaofaa lami unaharibu shamba. Unaofaa mchangani unaweza kuua mtu kwenye lami. Wengi wetu tunatumia upepo mmoja kote, tena bila kuujua ni kiasi gani, kwa sababu kipimo chetu ni kupiga tairi teke.

Upepo ndio unaobeba mzigo

Tuanze hapa. Mpira wa tairi wenyewe haubebi mzigo mkubwa. Kinachobeba ni upepo uliofungiwa ndani. Mzigo ukiongezeka, unahitaji upepo zaidi. Upepo ukiwa mdogo kuliko mzigo, ubavu wa tairi unajikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, unapata joto, nyuzi za ndani zinaachiana, na mwisho tairi linapasuka. Matairi mengi yanayopasuka barabarani na watu wakasema "jua kali" yalikuwa na upepo kidogo au mzigo mwingi. Jua lilimalizia tu.

Upande wa pili, upepo ukiwa mwingi, tairi linakuwa gumu kama gogo. Linagusa ardhi sehemu ndogo na linabana udongo kwa nguvu. Tela linarukaruka kwenye mashimo, na kama umebeba zabibu kwenye kreti, zinafika zimepasuka na zinatoa maji. Mnunuzi atakata bei, nawe utalaumu barabara.

Kuna kanuni moja rahisi ya kukumbuka: nguvu ambayo tairi linabana juu ya udongo inakaribiana na upepo uliomo ndani yake. Ukijaza PSI 65, udongo chini ya tairi unabanwa kwa kiasi kinachokaribia hiyo 65, hata kama tela lina magunia machache. Mtu mzima akisimama kwa mguu mmoja anabana kama PSI 5 au 6. Ng'ombe mkubwa akiwa amesimama ni kama 20. Sasa fikiria 65 inapita kwenye shamba lililonyeshewa jana.

Soma ubavu wa tairi

Kabla ya kujaza au kutoa upepo, inama usome ubavu wa tairi. Kuna mambo manne ya kutafuta:

1. Uwezo wa juu wa kubeba na upepo wake. Utaona kilo na namba ya kPa au PSI. Mfano, kilo 1,450 kwenye kPa 450, ambayo ni PSI 65. Kumbuka kPa 100 ni sawa na PSI 14.5 hivi.

2. Namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Zinaandikwa pamoja, mfano 121 na herufi pembeni. Namba 100 maana yake kilo 800 kwa tairi moja, 110 ni kilo 1,060, 118 ni kilo 1,320, 121 ni kilo 1,450 na 130 ni kilo 1,900. Herufi inasema mwendo wa juu: A8 ni kilometa 40 kwa saa, B ni 50, D ni 65, F ni 80. Tairi la shambani lenye A8 likivutwa kilometa 60 kwa saa kwenye lami, linafanyishwa kazi ambayo halikutengenezwa kuifanya.

3. Tarehe ya kutengenezwa. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari unaoanza na DOT. Mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hii inawahusu sana wanaonunua matairi ya mtumba. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa lakini mpira umezeeka na una nyufa ubavuni. Usiliweke kwenye tela la mzigo.

4. Kama ni la tyubu au halina tyubu. Tutaona chini kwa nini hili lina maana.

Kama maandishi yamefutika huwezi kuyasoma, hapo hujui tairi linabeba kilo ngapi. Tela la namna hiyo lisipande lami na mzigo mkubwa.

Piga hesabu ya mzigo

Hapa ndipo wengi tunaanguka. Chukua karatasi twende pamoja.

Tuseme una tela la matairi mawili na likiwa tupu lina kilo 900. Umepakia magunia 20 ya mahindi, kilo 100 kila moja. Hiyo ni kilo 2,000. Jumla kilo 2,900. Gawa kwa mbili, kila tairi linabeba kilo 1,450. (Sehemu ya mzigo inaegemea kwenye trekta pale tela linapofungwa, lakini usiihesabu. Iache iwe akiba ya usalama.)

Kama matairi yako yameandikwa 121, basi magunia 20 ndiyo mwisho, na upepo uwe ule wa juu kabisa ulioandikwa. Ukiongeza magunia 10 yawe 30, kila tairi linabeba kilo 1,950. Umezidisha kilo 500 kwa kila tairi na hakuna upepo wa kuokoa hapo. Kuongeza upepo kupita ule ulioandikwa hakuongezi uwezo wa tairi, kunaongeza hatari tu.

Halafu kuna lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na sababu inayosemwa sana ni kwamba mkulima anapunjwa. Ni kweli. Lakini lumbesa inaua na tairi pia. Magunia 20 ya kilo 130 ni kilo 2,600. Ukijumlisha na tela ni 3,500, sawa na kilo 1,750 kwa kila tairi. Wewe umehesabu magunia 20 kama kawaida, tairi limehesabu 26.

Vitu vingine vya kukumbuka unapopakia:

- Maji: lita 1,000 ni kilo 1,000 kamili. Tangi la lita 2,000 ni tani mbili, na likijaa nusu maji yanacheza huku na huku na kusukuma tela pembeni.
- Mchanga: mita moja ya ujazo ukiwa mkavu ni kama tani moja na nusu au zaidi, na ukiwa umelowa unaongezeka. Tela linaonekana halijajaa kumbe limeshapita uwezo.
- Alizeti: gunia ni kubwa lakini jepesi kuliko la mahindi. Hapa tatizo ni urefu wa mzigo. Ukipanga juu sana, tela linayumba kwenye kona na tairi la upande mmoja linabeba karibu mzigo wote.

Upepo kiasi gani?

Kama una jedwali la kampuni ya tairi, fuata hilo. Kama huna, tumia hesabu hii, inakuweka upande salama:

*Upepo = upepo wa juu ulioandikwa × mzigo wa tairi ÷ uwezo wa tairi*

Kwa tela letu la juu, ukipakia magunia 10 tu: 900 jumlisha 1,000 ni 1,900, gawa kwa mbili ni kilo 950 kwa tairi. Sasa 65 × 950 ÷ 1,450 ni kama 43. Weka 45. Ona tofauti: umepunguza mzigo nusu, na ukashusha upepo kutoka 65 hadi 45. Ule ubanaji juu ya udongo umepungua karibu theluthi moja, na tairi halijaonewa.

Likiwa tupu hesabu itakupa namba ndogo sana, kama 20. Usifike huko. Kwa tairi lenye tyubu usishuke chini ya nusu ya upepo wa juu. Tairi likilegea sana linateleza kwenye ringi, linaivuta tyubu, na vali inakatika shingoni. Hiyo pancha haizibiki, unanunua tyubu mpya.

Kwa trekta lenyewe, matairi makubwa ya nyuma yanatumia upepo mdogo kabisa, kwa kawaida kati ya PSI 12 na 20 kutegemea aina na kazi. Usiyajaze kama ya lori. Kama yamewekewa maji ya kuongeza uzito, zungusha gurudumu vali iwe juu kabisa kabla ya kupima, la sivyo maji yanaingia kwenye geji. Na pawatila fuata kitabu chake, matairi yake ni madogo na makosa ya PSI 5 tu yanaonekana.

Shambani: hatari ni udongo uliolowa

Udongo mkavu unavumilia. Udongo uliolowa haufanyi hivyo. Chembe zake zinateleza na kupangika upya zikisukumwa, matundu ya hewa na maji yanafungwa, na ukikauka unabaki tabaka gumu. Wazee wa Kongwa wanaufahamu udongo wetu. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango mkubwa wa karanga pale, wakaja na mitambo mingi, mingine imetengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji na kula majembe. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Zilikuwepo sababu nyingine nyingi, mvua ikiwemo, lakini ugumu wa udongo ulikuwa moja ya hizo.

Kwa Dodoma, tabaka gumu ni hasara mara mbili. Kwanza mizizi inashindwa kushuka kufuata unyevu. Pili, mvua yetu ni kidogo, na inakuja kwa kishindo siku chache. Tunataka kila tone liingie ardhini. Njia ya tairi iliyobanwa haiingizi maji, inayakimbiza. Msimu wa kwanza ni mfereji mdogo, wa tatu ni kikorongo. Mkoa wetu unajua gharama ya makorongo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule wa HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya mmomonyoko, na Kondoa ilifika mahali mwaka 1979 mifugo ikaondolewa ili ardhi ipone.

Kwa hiyo fanya hivi:

- Pima unyevu kwa mkono. Chimba kina cha sentimita 10 hadi 15, chukua udongo, usugue viganjani uwe kama kamba. Ukitengeneza kamba nyembamba isiyokatika, shamba halipo tayari kwa tela. Subiri. Kwenye mbuga za Bahi unaweza kusubiri siku kadhaa, kwenye kichanga hata kesho yake inawezekana.
- Samadi isombwe kiangazi. Septemba hadi Novemba udongo ni mkavu. Ukisubiri mvua ya kwanza ndipo ulete tela la samadi, unarutubisha kwa mkono mmoja na kuua kwa mkono mwingine.
- Tela likae pembeni ya shamba. Mzigo usogezwe kwa mkokoteni wa punda au ng'ombe hadi kwenye tela. Ndiyo, ni kazi zaidi. Lakini mkokoteni wa kilo mia tatu hauwezi kubana chini kama tela la tani tatu. Upepo ukipunguzwa unaokoa udongo wa juu, ila ule wa chini kabisa unaumizwa na uzito wenyewe. Kwa hiyo vyote viwili vipungue.
- Kama lazima tela liingie, lipite njia moja. Sehemu kubwa ya madhara inatokea gurudumu linapopita mara ya kwanza. Dereva anayetafuta njia mpya kila mara "asiharibu sehemu moja" anaharibu shamba zima.

Wenye zabibu mko kwenye hali ngumu zaidi, kwa sababu mavuno ya Februari na Machi yanaangukia kwenye mvua. Trekta linapita kwenye nafasi zilezile kati ya mistari, na mzabibu unakaa ardhini miaka mingi, huwezi kulima upya kila msimu. Kreti zibebwe hadi mwisho wa mstari, tela lisubiri huko.

Unataka kujua kama shamba lako limeshaumia? Siku moja au mbili baada ya mvua, chukua nondo nyembamba ya milimita 10, isukume kwa mkono mahali ambapo tela halijapita, halafu isukume kwenye njia ya tela. Kama upande mmoja inazama hadi sentimita 30 na upande wa pili inagoma kwenye 15, umeshapata jibu. Dawa yake ni kupasua kwa ripa wakati wa kiangazi, ya trekta au ile ya kukokotwa na ng'ombe, halafu kufuatisha zao lenye mizizi mirefu kama mbaazi.

Kwenye korongo la mchanga

Mito yetu mingi, Bubu upande wa Bahi na Kinyasungwe upande wa Hombolo, pamoja na matawi yake, ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Tairi gumu linachimba, tairi laini linaelea. Hili wanalijua vizuri wale wasafiri wa kigeni wanaopita hapa Dodoma na magari yanayovuta tela za kulala, kwenye ile barabara ya Iringa, Dodoma, Kondoa hadi Babati ambayo lami yake ya kutoka Dodoma ilizinduliwa mwaka 2018. Ni sehemu ya njia kuu ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Wenyewe wakifika mchangani wanasimama, wanatoa upepo hata nusu nzima, wanavuka polepole, halafu wanawasha pampu ndogo ya volti 12 na kurudisha upepo kabla ya lami. Hatua ya mwisho hiyo wengi wetu hatuifanyi.

Kwa tela la mazao, toa robo tu ya upepo uliopo, usipite ile nusu ya upepo wa juu niliyosema. Pita kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, usipige kona kali, usisimame katikati. Kama mzigo ni mkubwa, shusha nusu, vuka mara mbili. Na mawingu yakiwa mazito upande wa juu wa mto, usivuke kabisa. Maji ya korongo hayasubiri ushushe magunia.

Na hii ndiyo kanuni muhimu kuliko zote: kama huna kitu cha kurudishia upepo upande wa pili, usitoe upepo. Punguza mzigo na mwendo badala yake. Tela lililotolewa upepo korongoni, likapanda lami na magunia 20 kwenda mjini kwa kasi, halifiki mbali. Na kwa kawaida juu ya magunia kuna vijana wanne wapakuaji. Tairi la upande mmoja likipasuka, tela linalala upande huo. Sihitaji kueleza zaidi. Vijana wapande boda au daladala, nauli yao haifiki bei ya jeneza.

Lini na namna ya kupima

Pima asubuhi, tairi likiwa la baridi, kabla ya safari. Dodoma mwezi wa saba asubuhi kuna nyuzijoto 14 au 15, mchana tairi juani linafika 35 bila shida. Tairi la PSI 65 asubuhi litasoma karibu 70 mchana hata kabla halijatembea, na likitembea litapanda zaidi. Hilo ni jambo la kawaida. Usitoe upepo kwenye tairi la moto ili "lirudi 65". Likipoa usiku litakuwa chini ya kiasi, na kesho utapakia bila kujua.

Mambo mengine madogo:

- Nunua geji yako. Zinauzwa kwenye maduka ya spea, na hata pancha moja inaweza kukugharimu zaidi. Teke la mguu halioni tofauti ya 65 na 40.
- Kushoto na kulia viwe sawa.
- Kashata ikiisha pembeni na katikati ipo, umekuwa ukitumia upepo kidogo. Ikiisha katikati, upepo mwingi.
- Weka vifuniko vya vali. Mchanga ukiingia, upepo unavuja polepole.
- Chomoa miiba ya migunga kila jioni. Mwiba ulioingia nusu leo utatoboa kesho ukiwa na mzigo.
- Tairi lililotembea umbali mrefu likiwa limelegea sana, usilijaze tu na kuondoka. Lifunguliwe fundi aangalie ndani. Nyuzi zikiwa zimekatika linaweza kupasuka wakati wa kujazwa.
- Ringi zenye pete ya kufungia ni hatari. Fundi asisimame mbele yake wakati anajaza, na watoto wakae mbali. Ile pete ikiruka haina tofauti na risasi.

Maswali ninayoulizwa sana

*"Tela si langu, nimekodi. Mwenye trekta atanisikiliza?"*
Hili ndilo swali kubwa. Mwenye tela analipia tairi, wewe unalipia udongo. Yeye anapenda kujaza upepo mwingi, tairi lisiishe haraka, na kupakia mwingi amalize kwa safari chache. Hasara ya shamba haimfikii. Kwa hiyo mpatane kabla, siyo akiwa ameshaingia. Mwambie: magunia kumi kwa safari shambani, njia ni ile niliyoweka vijiti, kukinyesha usiku hatuingii. Inawezekana akaongeza bei kidogo. Linganisha na mistari miwili ya mahindi yaliyodumaa kwa misimu mitatu au minne. Mkiwa majirani watano mnaomkodi mtu mmoja, mwendeni pamoja, atawasikiliza zaidi.

*"Je, nikiweka matairi mapana?"*
Yanasaidia sana, mradi ringi na ekseli viyakubali. Tairi pana linabeba mzigo uleule kwa upepo mdogo. Lakini ukiweka tairi pana halafu ukalijaza upepo uleule wa zamani, faida yote imepotea.

*"Mkokoteni wangu wa punda una matairi ya gari dogo, nao unahusika?"*
Unahusika, ila kwa sababu nyingine. Tairi lililolegea kwenye njia ngumu ni mzigo kwa punda, anavuta kama anapanda mlima. Jaza vizuri kwa ajili ya barabara, na kwenye mchanga punguza mzigo. Punda hasemi, ila vidonda vya shingoni vinasema.

Kwa leo

Ukikumbuka machache, kumbuka haya: soma ubavu, hesabu kilo na siyo magunia, pima asubuhi, usiingie shamba lililolowa, na usitoe upepo ambao huwezi kuurudisha.

Kazi ya wiki hii: nenda kwenye tela lako au la jirani unayemkodi, soma uwezo wa matairi yake, piga ile hesabu, uone mwisho ni magunia mangapi. Ukikwama niandikie namba zilizoko ubavuni na uzito wa tela, tutapiga hesabu pamoja. Nawatakia msimu mwema.